Anachekacheka Tu

Mtani alikuwa amelala juu ya mkeka wa marehemu, anasema hatoki hapo mpaka aletewe jogoo. Alikuwa Mnyamwezi, Maganga Kasanda, fundi bomba, na katika misiba ya Waluguru wa mtaa ule hakuna aliyemfikia kwa utovu wa adabu. Alipopewa huyo jogoo aliinuka, akajifunga kitenge cha marehemu, Bibi Leokadia, akavaa na miwani yake iliyoungwa kwa uzi, akaanza kutembea uani kikongwe, mkono mmoja kiunoni na ndala mkononi, akiitukana ile ndege ndogo isiyo na rubani, ya kuleta vifurushi, ambayo bibi alipigana nayo mpaka siku ya kufa kwake.

"We kidude, nyumba hii ina mlango. Nani kakufundisha kuingilia juu kama mchawi?"

Akairusha ndala hewani, ikamwangukia katekista. Uwanja mzima ukaangua kicheko. Hata watoto wa marehemu, macho yamewavimba kwa kilio, walicheka huku wakijifuta kwa pindo za khanga. Ndiyo kazi ya mtani hiyo. Anamrudisha marehemu kidogo ili watu wapate nguvu ya kumzika.

Kanisia naye alicheka, kisha akamgeukia mwanawe. Truda, binti wa miaka minane, alikuwa amekaa karibu na babu yake. Kanisia aliona mdomo wa mtoto ukifunguka, mabega yakipanda, meno yakianza kuonekana. Halafu basi. Uso ukawa mtupu. Kidude kilichobandikwa nyuma ya sikio lake kikawaka buluu mara moja, kikazima. Truda akapepesa macho, akawatazama watu kama mgeni aliyeingia katikati ya mazungumzo.

"Mungu ashukuriwe," alisema Babu Apolinari, akafanya ishara ya msalaba.

Ndivyo walivyozoea. Taa ile ikiwaka, maana yake Utando umezima degedege lililotaka kumwangusha mtoto. Utando wenyewe ni kitu chembamba kuliko ganda la kitunguu, umetandazwa juu ya ubongo wa Truda chini ya fuvu, na kazi yake ni kusikiliza. Ukisikia fujo inaanza, unaipiga kumbo kabla haijafika mbali. Tangu awekewe, Truda hakuanguka tena hata mara moja. Basi nyumbani kwao kila taa ilipowaka walimshukuru Mungu, na nani angewalaumu?

Maganga akaja na jingine. Alimwigiza bibi anavyoungama dhambi za jirani zake badala ya zake. Watu hoi. Mdomo wa Truda ukafunguka, mabega yakapanda, na taa ikawaka. Mungu ashukuriwe. Mara ya tatu Kanisia hakumtazama tena mtani. Alikuwa anamtazama mtoto tu. Nyumbani taa hiyo huwaka lini? Jioni. Jioni, Babu Apolinari, baba yake Kanisia, akirudi kutoka shambani, akikaa kibarazani na kuanza kumtania Truda, mke wangu hivi, mke wangu vile, hujanipikia, nitaoa mwingine mwenye meno yote. Wao walidhani ni uchovu wa siku. Kumbe miezi yote hiyo walikuwa wanamshukuru Mungu kwa kila kicheko cha mtoto kilichonyongwa.

"Mungu ashuk..."

"Baba, nyamaza," Kanisia alisema, mbele za watu, msibani. Wazee waligeuka kumtazama, na yeye hakujali.

*

Kesho yake alikuwa kwenye lango la Kituo, kule Truda alikowekewa Utando. Pale langoni kulikuwa na bango kubwa lenye uso wa Truda, na chini yake neno moja tu: SIFURI. Sifuri ya degedege. Kanisia alikuwa amelipita bango hilo mara nyingi akijisikia fahari. Watu walimwambia mwanao katulia, mwanao kama malaika. Siku hiyo aliutazama ule uso uliotulia na akatamani kulitemea mate bango, ila mlinzi alikuwa anamwangalia.

Tuseme ukweli, Kituo kilimwokoa Truda. Alizaliwa na kasoro katika jeni moja, ile inayoziambia chembe za mwili basi, inatosha, acheni kukua. Chembe zake hazikuambiwa. Ngozi yake ilikuwa na mabaka meupe kama majani, na ndani ya ubongo vilimea vinundu vigumu ambavyo madaktari wa zamani walivifananisha na viazi. Kinundu chenyewe hakina neno, lakini tishu inayokizunguka haijui utaratibu, inarusha umeme ovyo, na umeme huo ndio degedege. Baba wa mtoto aliposikia neno kurithi alifunga begi kabla majibu hayajatoka. Vipimo vilipokuja kusema hakuna mzazi aliyekuwa nayo, kasoro imeanza na mtoto mwenyewe, bwana alikuwa ameshaoa kwingine. Abaki hukohuko, sisi hatuna haja naye katika hadithi hii.

Kabla ya Utando, Kanisia alishona nguo za watu huku mguu mmoja ukiwa kwenye mkeka wa mtoto, apate kuhisi akianza kutikisika. Hata chooni hakufunga mlango. Aliyajua hayo yote na aliyakumbuka yote alipokuwa anaingia kwa Daktari Ruwaida, na hasira yake haikupungua hata chembe.

Daktari alimsikiliza bila kumkatiza. Kisha akafungua kumbukumbu za Utando, mawimbi yakatanda juu ya kioo cha meza, akayapekua, akawa kimya. Alikuwa mwanamke mpole, mtu wa Pangani, na upole huo ulizidi kumuudhi Kanisia, kwa sababu alikuja akimtafuta mtu wa kumchukia.

Lipo degedege linalotoka kama kicheko, daktari alieleza. Mtoto hatikisiki wala haanguki, anacheka tu, bila furaha yoyote, kwa sababu kinundu kilichojificha chini kabisa kinachokonoa mahali kicheko kinapoanzia. Utando haujui furaha. Unajua mawimbi. Lazima uambiwe tangu mwanzo ni mawimbi gani uyazime, na ndiyo maana siku ya kwanza mzazi huhojiwa na Sauti, mashine inayozungumza pale mapokezi.

"Nani aliuambia kwamba mwanangu anacheka ugonjwa?"

Daktari Ruwaida aliiomba Sauti irudishe mahojiano, na chumba kikajaa sauti mbili, moja laini ya msoma habari, nyingine ya Kanisia mwenyewe, imechoka, imekauka kwa kukesha.

"Je, mtoto hucheka bila sababu?"

"Huyu? Anachekacheka tu. Ukimwangalia anacheka, usipomwangalia anacheka. Hata haya hana."

Kanisia alishika ukingo wa meza. Sasa niulize mimi, ni mama gani hasemi hivyo? Mama anayekaa mbele ya wageni na kumsifu mwanawe kwamba ni mchangamfu, ni mwerevu, ana uso wa bashasha, huyo anamwitia mtoto vijicho. Mtoto unamponda kidogo ili macho ya watu yapite. Mtu yeyote aliyelelewa na bibi angeyasikia maneno yale na kujua kwamba mama anaringa. Lakini Sauti ilikuwa imejifunza Kiswahili chake kwenye taarifa za habari na ripoti za ofisi. Ilisikia cheka mara mbili katika neno moja, ikaandika: mgonjwa hucheka kwa kurudiarudia, pasipo sababu. Na Utando ukatii.

"Basi futeni," alisema Kanisia.

Hapo ndipo daktari alipoinamisha kichwa. Si rahisi hivyo, alisema. Baadhi ya vile vicheko vilikuwa ugonjwa kweli. Kicheko kizima na kicheko kigonjwa vinaanzia mahali pamoja, na mawimbi yake ya mwanzo yanafanana. Akiifuta ile alama inayouambia Utando uzime kicheko, vyote viwili vitapita, na kile kigonjwa kinaweza kuendelea kikawa degedege kubwa kabla Utando haujashtuka.

"Anaweza kufa, mama Truda. Sikutishi. Nakuambia nilichokisomea."

Kanisia akauliza swali alilopaswa kuuliza kwanza, kama Truda yuko peke yake. Daktari aliutazama mlango. Akasema hapana, wapo watoto wengine, na kamati ya Kituo iliona kitambo kwamba vicheko vyao vinazimwa. Kamati ikakaa, ikajadili, ikaliita jambo hilo athari inayovumilika.

"Inavumiliwa na nani?"

Daktari aliyazima mawimbi yaliyokuwa mezani.

"Mlijua," Kanisia alisema, na sauti yake ilikuwa ya chini kuliko alivyotaka. "Mlijua mkatundika uso wake getini. Mmemziba mtoto mdomo, mkampiga picha, mkasema tazameni alivyotulia. Mimi nimewaletea chai hapa. Nimewaletea ndizi za shambani kwa baba yangu, nimepiga magoti nikawashukuru."

Alitoka bila kuaga. Kwa mwanamke aliyelelewa vile alivyolelewa, kutoka bila kuaga ni sawa na kutukana, na alikusudia iwe hivyo.

*

Nyumbani alidhani baba yake atakuwa upande wake. Thubutu. Babu Apolinari alimsikiliza mpaka mwisho, akaweka chini jembe alilokuwa anatia mpini, akasema liachwe jambo hilo kama lilivyo. Nani alimbeba mtoto ile siku ya Pasaka, midomo imekuwa rangi ya zambarau, kutoka kanisani mpaka barabarani? Yeye. Nani aliyedhani amebeba maiti? Yeye. Kicheko hakijawahi kumshibisha mtu. Bora mke asiyecheka kuliko kaburi lenye maua.

Kanisia alimwambia kwamba hayo ni maneno ya mwoga. Babu akamwambia kwamba yeye ni mama mwenye kiburi, anataka mtoto wa kuonyesha watu. Walirushiana maneno ambayo baba na binti hawarushiani. Kanisia alisema wewe ndiye uliyekuwa unamchekesha, kwa hiyo kila jioni wewe ndiye uliyekuwa unamzima, na mara tu alipoyatamka alitamani ayarudishe. Mzee alikaa chini. Mkono wake ulitafuta mpini wa jembe, ukaukosa.

Truda alikuwa pembeni, anapukuchua maharage. Hakuna aliyekuwa amemuuliza kitu. Watoto wagonjwa hujadiliwa kama mbuzi wa mahari, wenyewe wakiwa hapohapo wanasikia.

"Inakuja halafu inakatika," alisema.

Mama yake akamgeukia. "Nini kinakatika?"

"Kicheko. Kama chafya ikikataa. Halafu nasahau Babu alikuwa anasema nini." Akachambua ganda jingine. "Siku hizi nikiona Babu anaanza, naangalia pembeni. Sitaki kusikia."



Kanisia alichuchumaa mbele ya mwanawe. Alimuuliza kama anakumbuka alivyokuwa akianguka zamani. Truda alisema anakumbuka kuamka, kuanguka hakumbuki, kwa sababu mtu akianguka anakuwa hayupo.

"Na nikicheka nakuwa sipo. Ni kulekule tu, mama. Ila nikianguka mlikuwa mnalia, na nikicheka mnasema Mungu ashukuriwe."

Alisema bila kinyongo, na vidole vyake havikuacha kupukuchua. Mzee Apolinari aliinuka akaenda nyuma ya nyumba. Alikaa huko muda mrefu. Aliporudi alisema neno moja tu, twendeni, na hakuna aliyemuuliza wapi.

*

Sheria ilikuwa upande wa mlezi, ingawa Kituo hakikuwahi kuwa na haraka ya kumwambia mlezi hivyo. Mwenyekiti wa kamati alikuja mwenyewe, suti ya kijivu na manukato, akamsihi Kanisia afikirie faida pana. Alisema Truda ni mfano kwa taifa. Kanisia alimjibu kwamba Truda ni mtoto wa Kanisia, na akamtaka atoke nje, maana mgonjwa anahitaji hewa. Sauti ilipomuuliza kama anaridhia kwa hiari yake aligoma kuijibu. Alisema hazungumzi na kile kitu tena, aitwe mtu mwenye masikio. Daktari Ruwaida akaandika ridhaa kwa mkono wake, akaisoma kwa sauti, neno kwa neno, na pale palipokuwa na neno linaloweza kueleweka vibaya Kanisia alimfanya alibadilishe.

Alama ikafutwa. Sasa ilibidi Truda acheke pale chumbani, daktari akiyatazama mawimbi, ili Utando ujifunze kicheko kizima kinakwendaje mpaka mwisho wake. Ikabidi mzee aanze. Lakini mwambie mtu achekeshe kwa amri ya daktari uone. Babu Apolinari, ambaye hata kwenye foleni ya maji hukosi kumsikia akitania, alisimama amekunja kofia mikononi. Akasema mke wangu. Akasema tena mke wangu. Kisha machozi yakamtoka, mzee wa watu, mbele ya wanawake.

Truda alimtazama juu mpaka chini.

"Mume gani huyu analia mbele ya daktari," alisema. "Mimi naomba talaka yangu."

Akacheka. Alicheka kwa neno lake mwenyewe, kichwa kikaenda nyuma. Mawimbi kwenye meza yalipanda, yakajazana, mekundu juu ya mekundu, na kidole cha daktari kikaenda kwenye kitufe cha kuzima. Kanisia aliukamata mkono ule. Hakujua kama anafanya sawa. Kile kicheko kilikuwa kirefu mno, na mtoto alikuwa anakosa pumzi, na huenda wakati huohuo yeye mama mtu alikuwa anamuua kwa mkono wake. Alimtazama Truda machoni na hakuona jibu humo, aliona machozi ya kicheko tu. Hakuuachia mkono wa daktari. Halafu kicheko kikapungua, kikakatikakatika, kikaishia kwenye kwikwi, kama vicheko vyote vya watoto vinavyoisha. Truda akaomba maji.

Daktari alikuwa anajisugua kifundo cha mkono. Kanisia hakumwomba radhi. Alipotoka alipita kwenye benchi walipokaa wazazi wengine na watoto wao watulivu, na badala ya kupita akakaa. Alimuuliza mama wa kwanza kama taa ya mwanawe huwaka jioni.

*

Wiki kadhaa nyumba ile ilijaa kelele. Truda alicheka mpaka akawa kero. Alicheka darasani akatolewa nje, alicheka kanisani wakati wa mahubiri, alimcheka katekista ambaye bado watu walikuwa wanamkumbusha ile ndala. Jirani mmoja alisema huyu mtoto sasa kazidi, na Kanisia alimtolea macho mpaka akaondoka.

Halafu ikawa Jumapili, mchana kweupe, wali uko mezani. Truda alianza kucheka na hakuna aliyekuwa amesema kitu. Babu alitabasamu, akauliza mke wangu unacheka nini, naye hakugeuka. Macho yake yalikuwa ukutani. Kilikuwa kicheko kilekile kwa sauti, lakini mwenyewe hakuwamo. Kanisia aliinuka akaangusha sahani. Utando ulichelewa, kama daktari alivyosema utachelewa. Mwili ukakakamaa, kiti kikaenda upande, na mtoto akawa sakafuni anatikisika, povu mdomoni, midomo ikigeuka rangi ile ya Pasaka. Babu alikuwa amepiga magoti anaita jina la ubatizo, Editruda, Editruda. Kanisia alimlaza ubavu, akamwekea khanga chini ya kichwa, akafanya yote aliyofundishwa, na muda wote huo alikuwa anatukana. Aliitukana kamati, alimtukana aliyemkimbia, aliitukana jeni ambayo hata haina masikio, alijitukana mwenyewe zaidi ya wote. Taa ya buluu ilipowaka mwishowe, hakuna aliyeshukuru. Walimtazama kifua tu mpaka kikapanda.

Truda alilala kidogo. Alipofumbua macho ulimi wake ulikuwa umechanika pembeni na damu imemchuruzika mpaka shingoni. Kanisia alimfuta kwa kitambaa cha maji. Mkono wake mwingine ulikuwa umeshika simu, na namba ya Daktari Ruwaida ilikuwa tayari kwenye kioo. Neno moja tu, na alama ingerudishwa jioni hiyohiyo. Kidole kilikuwa juu yake. Alimweleza mtoto kilichotokea, bila kuficha. Alimwambia kinaweza kutokea tena, na siku nyingine wasiwahi.

"Nimwambie arudishe?" aliuliza. "Sema wewe. Nikimpigia sasa hivi hutaanguka tena."

Truda alimeza mate yenye damu, akakunja uso kwa maumivu. Alimtazama mama yake, akaitazama simu.

"Thubutu," alisema.

Siku nyingine yoyote angezabwa kofi kwa neno hilo, mtoto kumwambia mama yake. Kanisia aliiweka simu chini, akaendelea kumfuta damu.